Vigingi Vilivyogeuka Uso

Mkuu wa kituo cha polisi alikuwa amekwisha kuifunga kesi kichwani mwake. Kilichobaki ni kumfanya Taratibu aifunge kwenye jalada.

"Nyundo iliyomuua mlinzi wa kambi ya mradi ni ya nani?" aliuliza, huku akiendelea kukoroga chai ambayo sukari yake ilikwisha kuyeyuka zamani.

"Ya mpima."

"Aliyegombana na marehemu mchana wake, kambi nzima ikisikia?"

"Mpima."

"Na vigingi vilipohamishwa usiku uleule, njia ya umeme ikaangukia shamba la nani?"

"La baba yake mdogo, afande."

"Basi. Kesho asubuhi anapandishwa kizimbani kwa mauaji. Sasa wewe unazunguka kutafuta nini?"

"Namtafuta aliyezipanga sababu zote hizo zikanyooka namna hii," Taratibu alisema. "Tangu nianze kazi sijapewa kesi isiyo na kona, mkuu. Hii inanitia wasiwasi."

Mkuu aliweka kijiko chini, akamtazama kama mtu anayetazama bili ya maji. "Una siku ya leo tu. Na gari utakalopata ni lile la koplo, lenye breki za kuombea dua."

Taratibu halikuwa jina lake la cheti. Alibandikwa na wezi wa mjini, waliosema kwamba inspekta huyu hakimbii, hafoki wala hapigi, ila ukigeuka nyuma yupo. Askari wenzake walilipenda jina wakalichukua, naye hakulikataa, maana goti lake la kushoto lilikuwa bovu na hakuweza kukimbia hata kama angetaka. Alikuwa na tabia moja iliyowachosha wakubwa wake: hakumwamini mtu, awe mshitakiwa au shahidi, mpaka amwone akifanya kazi yake ya kila siku.

Alianzia mahabusu. Mpima alikuwa amejikunyata pembeni, macho mekundu, amejifunika shuka jipya ambalo mistari ya kukunjwa dukani ilikuwa bado inaonekana. Ndiye aliyepewa kazi ya kupima na kuweka alama za njia ya umeme kutoka kituo cha kupoozea umeme hadi vijijini, na kwa miezi yote hiyo hakuna aliyemlalamikia ila mbuzi.

"Shuka zuri," Taratibu alisema. "Nani kakuletea?"

"Mhandisi wa barabara. Yule mzee ndiye aliyenitoa kwenye kubeba minyororo ya kupimia akanisukuma chuoni. Mimi namwita baba. Ndugu zangu wa damu hawajakanyaga hapa."

"Mlinzi ulimgombeza kwa nini?"

"Watu wanafunga mbuzi kwenye vigingi vyangu, yeye anawaangalia tu anacheka. Nikamwambia kigingi kimoja kikisogea, kijiji kizima kinabaki gizani. Nikamtukana, afande. Hilo ndilo linaloniuma. Neno la mwisho alilolisikia kwangu ni tusi."

"Alijibu nini?"

"Aliniambia, 'Haya bosi, na shikamoo.' Na mimi ni mdogo kwake. Alikuwa hivyo, mtu wa salamu. Angeweza kuliamkia hata katapila."

Taratibu hakucheka. Aliwahi kuona wauaji wakiwalilia marehemu wao machozi ya kweli kabisa. "Nyundo yako inakaa wapi?"

"Stoo ya kambi. Mlango ni bati limeegeshwa. Kila mtu anaazima."

"Nifundishe. Kigingi kinawekwaje?"

Mpima alishangaa swali hilo, lakini mikono yake ilikwisha kuamka. Aliokota mswaki wa mahabusu mwenzake, akausimamisha kwenye ufa wa sakafu, akauzungusha mpaka brashi zikaelekea mlangoni. "Kigingi kina upande mmoja uliochongwa bapa, umepakwa rangi nyeupe na kuandikwa namba. Huo ndio uso wake. Uso lazima utazame kule laini inakotoka, yaani kituo cha kupoozea umeme. Wachimba mashimo wanatoka kule, wavuta nyaya wanatoka kule. Wakiinua macho tu, namba hiyo hapo mbele yao. Mtu wa umeme hata umwamshe usingizini, ataugeuza hivyo hivyo."

Mwenye mswaki alidai mali yake. Taratibu alimrudishia, akaondoka bila kujua kama alichopewa kilikuwa na faida au ni soga za mtu aliyechoka kutazama ukuta.

Ofisi ya mipango ilikuwa ghorofani, feni inazunguka, sakafu inanukia dawa. Ofisa mipango mwenyewe alikuwa mtu wa tai na marashi, na viatu vyake vilionyesha kwamba vumbi analisoma kwenye ripoti.

"Karibu, mama inspekta. Chai? Soda?"

"Ramani," Taratibu alisema.

Ilijaza ukuta mzima. Barabara mpya ilichorwa kwa wino mwekundu, njia ya umeme kwa buluu, na pini za rangi zilisimama mahali pa nyumba za umma na chuo cha ufundi.

"Serikali haijengi kwa kubahatisha," ofisa alianza, kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. "Pale barabara na umeme vinapokutana, ndipo nyumba na chuo vinapojengwa. Ndiyo kanuni ya mpango huu wote. Kimoja kikienda kushoto na kingine kulia, hapajengwi kitu."

"Kwa hiyo anayesogeza umeme anasogeza mji."

"Kwa lugha nyepesi, ndiyo."

"Na mwenye shamba pale mji unapohamia?"

Ofisa alishika tai yake. "Huyo analipwa fidia. Nzuri sana."

Taratibu alisogea karibu na ramani mpaka pua yake ikakaribia kugusa. Bondeni, kandokando ya kijiji, palikuwa na vitobo vidogo vitupu. Pini zilizong'olewa humo zilikuwa zimesimama nyuma ya kilima, mahali pasipo na nyumba hata ya kuku.

"Hizi zimehama lini?"

"Ah, hizo." Feni ilikuwa inazunguka lakini paji la uso wake lilianza kung'aa. "Ni pendekezo tu. Mhandisi alishauri barabara ikwepe tope la bondeni, ipite nyuma ya kilima. Nami nikasogeza pini nione itakuwaje."

"Kabla ya mlinzi kufa au baada?"

"Kabla. Lakini umeme ulibaki bondeni, kwa hiyo pendekezo lilikwama. Mpima aliligomea kwenye kikao. Alisema nguzo za umeme haziogopi tope, na watu wako bondeni, si nyuma ya kilima."

Taratibu aligeuka polepole. "Mpima ndiye aliyekataa umeme usihamie kwenye shamba la baba yake mdogo?"

"Ndiyo."

"Mbona hukusema?"

"Hakuna aliyeniuliza," ofisa alisema, na kwa mara ya kwanza alisema jambo ambalo Taratibu aliliamini. "Mama, wakubwa wanakuja kuzindua mradi huu karibuni. Tukiwa na maiti isiyo na muuaji, nitawaambia nini? Mtu mmeshampata. Malizeni."

Garini koplo alikuwa na uamuzi tayari. "Ndiye huyu, afande. Mtu anayetoka jasho chini ya feni ana lake jambo."

"Au ana mkubwa wake," Taratibu alisema. "Washa gari."

Baba mdogo wa mpima walimkuta njiani anatengeneza uzio, misumari mdomoni. Alipotajiwa shamba la nyuma ya kilima aliitema misumari yote kiganjani.

"Lile? Nimeshauza tangu kabla ya mvua. Mawe matupu lile. Alikuja dalali, akasema ana mtu anayelitaka, nikasema mpe haraka kabla hajapata akili."

"Mwenyewe ulimwona?"

"Sikumwona na wala sikutaka kumwona, asije akaghairi."

"Mtoto wa kaka yako anajua kama umeuza?"

"Hatusemezani na yule. Mambo ya kifamilia." Aliinamisha kichwa. "Ndiyo maana sijaenda kumwona kule ndani. Lakini kuua, afande, yule hata kuku alikuwa anakimbia akichinjwa."

Sababu moja kati ya zile tatu za mkuu ilikuwa imeanguka. Zilibaki nyundo na ugomvi, na kwa hakimu mwenye haraka hizo zingetosha kabisa.

Kambi ilikuwa kwenye tambarare chini ya kilima: mahema ya turubai, stoo ya bati, rundo la nguzo zilizolala zikinuka lami. Kwenye moto alikuwapo mjane wa mlinzi, kitambaa cheusi kichwani, anawapikia wachimba mashimo. Walimwita Mama Pacha. Alirudi kazini hata kabla ya macho kukauka, kwa kuwa pacha wake hawakujua kwamba baba akifa kula kunasimama.

"Shikamoo, afande," alisema.

"Marahaba. Pole sana, mdogo wangu." Taratibu alikaa kwenye ndoo iliyofunikwa, goti likalia. "Tochi ya marehemu tuliikuta mfukoni mwake. Imezimwa. Mlinzi anasikia mtu stooni gizani, hawashi tochi?"

"Hakuwa na haja nayo. Alikuwa anamjua mtu kwa mwendo wake. Wewe uko kule mbali hata sura yako haionekani, yeye keshakuamkia na jina lako." Alifuta macho kwa mgongo wa mkono, akasingizia moshi. "Nilikuwa nikimwambia, baba pacha, salamu zingine ziache. Alikuwa hawezi."

Basi aliyemuua alikuwa mtu anayejulikana kwa mwendo. Hapo kambini, kila mtu alikuwa hivyo.

Nyapara wa wachimba mashimo aliwakuta wakielekea kilimani. Alikuwa mtu mfupi mwenye maneno marefu, na siku hiyo alitembea kichwa kikiwa kimeinama upande mmoja.

"Shingo hiyo vipi?" koplo alimuuliza.

"Acha tu. Siku ile ya msiba, kabla hatujajua kama kuna msiba, tulianza kufuata vigingi asubuhi. Toka kituoni mpaka pale kwenye jiwe, raha mustarehe. Kuanzia pale kwenda juu, nikaanza kusoma namba shingo upande. Sijui upepo, sijui nini. Tangu siku ile shingo hainirudi."

Taratibu alisimama. "Shingo upande kivipi?"

"Si namba zilikuwa ubavuni. Inabidi uende ukachungulie."

Taratibu alitembea na goti lake bovu mpaka kwenye jiwe, akasimama mgongo wake ukiwa kituoni, akatazama. Nyuma yake vigingi vya bondeni vilikuwa vimetazama kituoni vyote, nyuso nyeupe, kama wanafunzi mstarini. Mbele yake, njia ilipokata kona kuelekea nyuma ya kilima, hakuona uso hata mmoja. Aliona mbao kavu tu. Alishuka hatua kadhaa pembeni, upande ule barabara mpya itakapopita, akageuka, na hapo ndipo nyuso zote nyeupe zilipomtazama.

"Koplo," alisema, "niletee ofisa mipango na mhandisi wa barabara. Waambie kwa heshima kwamba nahitaji wataalamu wanisaidie kupima mahali mwili ulipoangukia. Na uchukue vigingi vipya stoo."

"Ni ofisa mipango, siyo?"

"Sijui. Ofisa angeweza kumtuma mtu. Sasa nataka kuona mikono."

Walifika jua likiwa bado kali. Ofisa alikanyaga kwa kuchagua, akivilinda viatu vyake. Mhandisi alikuja na kofia yake ya miaka yote, mvi zimejaa pembeni, na kila aliyempita alimwamkia kwa furaha. Alikuwa amebakiza muda mfupi astaafu, na hapakuwa na mtu kambini ambaye mzee huyo hakuwahi kumkopesha ushauri. Alimshika Taratibu mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Mwanangu yule anaendeleaje?" aliuliza. "Kuna baridi mle ndani usiku."

"Ana shuka lako," Taratibu alisema. "Nataka alama hapa, wazee wangu. Kila mmoja anipigie kigingi kimoja."

Aliwatawanya, nyapara karibu na stoo, ofisa katikati, mhandisi kwenye ukingo wa mteremko, kila mmoja amempa mwenzake mgongo. Mwenyewe alikwenda kusimama karibu na mhandisi, akaanza kumpigisha soga.

"Wanasema unastaafu, mzee. Utafanya nini?"

"Nitalala mpaka jua liniunguze." Mhandisi alitema mate viganjani, akakamata nyundo. "Miaka yote nimewajengea watu. Nyumba ninayokaa ni ya serikali, wataichukua siku ileile nikikabidhi funguo. Hebu fikiria, mama. Mtu amechora barabara nusu ya nchi, hana mahali pa kuegesha kitanda chake."

Alisema hayo huku mikono ikiendelea. Ilikizungusha kigingi, ikakipiga, ikafuta kichwa chake kwa kiganja, kazi safi kabisa. Taratibu alikuwa haangalii nyundo.

Akawaita wote. Kigingi cha nyapara kilitazama kituoni. Cha ofisa kilikuwa kimelala kama mlevi, namba chini juu, na ofisa mwenyewe alikuwa amekibana kidole gumba kwapani. Koplo aligeuka akajifanya anakohoa.

"Mhandisi," Taratibu alisema, "wenzako wa umeme wanageuzia uso kituoni. Chako mbona kimetazama mteremkoni?"

"Ha, mazoea hayo." Mzee alicheka, akapenda kuulizwa. "Sisi wa barabara kigingi chetu kinakaa ukingoni, mama, na uso wake unatazama katikati ya barabara, dereva wa greda asome bila kushuka. Nimepiga hivi tangu hujazaliwa. Hata ukiniziba macho—"

Hakumaliza. Nyapara alikuwa ameshika shingo yake. Alikitazama kigingi cha mhandisi, kisha akainua macho kwenye kile kilima, kwenye mstari mrefu wa vigingi vilivyogeuzia kambi ubavu, na mkono wake ukashuka taratibu kutoka shingoni.

"Kumbe," alisema.

Ofisa mipango alirudi nyuma, safari hii bila kuchagua pa kukanyaga.

"Dalali tutampata leo leo, naye atasema shamba la nyuma ya kilima alikununulia wewe," Taratibu alisema. Hakufurahi hata kidogo. Alimpenda mzee huyu tangu alipomshika mkono, na hilo lilimuudhi. "Barabara uliisogeza kwa utaalamu wako. Umeme ukagoma, kwa sababu kijana uliyemfundisha alikuwa mkweli. Basi ukausogeza mwenyewe."

Mhandisi alivua kofia. Bila kofia alionekana mzee zaidi. "Sikujua kwamba lilikuwa shamba la baba yake mdogo. Hilo niambie unaniamini. Dalali hakuniambia."

"Nakuamini. Lakini ulipojua, ulinyamaza. Ukanunua shuka."

Mzee aligeuza kofia mikononi, akaizungusha na kuizungusha. "Sikwenda pale kumuua mtu. Nilikuwa nimemaliza, narudisha nyundo tu. Giza totoro. Sikutamka neno, sikukohoa. Nikasikia nyuma yangu, 'Shikamoo mhandisi, mbona leo umechelewa kulala?' Kwa upole kabisa. Angekuwa ameniuliza nani wewe, ningekimbia."

Koplo alimshika mkono, si kwa nguvu. Hapakuwa na njia nyingine ya kufika garini ila kupita motoni, na Taratibu, aliyepanga kila kitu mchana ule, hilo hakulipanga.

Mama Pacha alikuwa ameinamia sufuria. Alisikia nyayo kabla hajainua uso, akanyooka, akafuta mikono kwenye nguo yake.

"Shikamoo, mhandisi," alisema.

Mzee alisimama. Midomo yake ilifunguka ikatafuta neno ambalo amelijibu maisha yake yote bila kulifikiria, na halikutoka. Mjane alingoja. Akamtazama koplo, akautazama ule mkono aliokuwa ameushika, kisha akarudisha macho usoni kwa mzee, akauweka mwiko chini.

"Shikamoo," alisema tena, kwa sauti ndogo zaidi.

"Twendeni," mhandisi alimwambia Taratibu. "Tafadhali, mama. Twendeni."